Kazi Isiyolipwa Nayo Ni Uchumi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Umeniuliza kwa nini mtu aliyesomea riba, kodi na bajeti za serikali anatumia miaka yake kuhesabu saa za watu kupika, kufua na kuuguza. Umesema hata wenzako kazini wanaona hayo ni mambo ya ustawi wa jamii, wala si uchumi.

Serikali ikiamua kubana matumizi, hospitali nayo hupunguziwa fedha. Mgonjwa aliyepasuliwa, ambaye angelazwa wiki nzima, anaruhusiwa siku ya tatu. Kwenye vitabu gharama ya kila mgonjwa imeshuka, na wakubwa wanaita huo ufanisi. Lakini kidonda bado kinataka kusafishwa, shuka zinataka kufuliwa, na dawa ya saa nane usiku lazima mtu aamke ampe. Kazi haikupungua hata chembe. Imemtoka muuguzi anayelipwa, ikamwangukia mke, mama au binti asiyelipwa. Binti huyo akiacha ajira yake ili auguze, takwimu zinamwandika kuwa yuko nje ya nguvukazi, kana kwamba amekaa tu!

Mchumi Diane Elson alilieleza hili vizuri alipochambua mipango ya marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980, ile iliyozitaka serikali zibane matumizi: waliopanga walichukulia kwamba muda wa wanawake hauna kikomo, ukiuvuta unavutika.

Kasoro imo kwenye kipimo chenyewe, pato la taifa. Mchumi Arthur Pigou aliiona tangu 1920: mwanamume akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato hilo linashuka kwa kuwa mshahara haulipwi tena, ingawa chakula kinapikwa vilevile na sakafu inapigwa deki vilevile. Mwaka 1934 mchumi mwingine, Margaret Reid, akatoa kigezo ambacho hadi leo nakitumia: shughuli ya nyumbani ni uzalishaji iwapo ungeweza kumlipa mtu mwingine akufanyie. Kupika, ndiyo. Kulala, hapana. Hata hivyo, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa hesabu za taifa wa 1953 uliziacha huduma hizo nje, na toleo la 2008 likaziacha vilevile. Chini ya toleo hilo, kuchota maji ya nyumbani ni uzalishaji. Kuyachemsha umwogeshe mtoto si uzalishaji.

Na si kitu kidogo kinachoachwa. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria saa bilioni 16.4 za kazi hizi zisizolipwa kila siku, zaidi ya robo tatu zikifanywa na wanawake. Ni sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa 8 kila siku bila senti. Iceland waliliona hilo kwa macho tarehe 24 Oktoba 1975, pale takriban asilimia 90 ya wanawake walipogoma, kazini na nyumbani: shule zikafungwa, kina baba wakaenda kazini na watoto.

Kupima saa hizo kunahitaji subira. Tunampa mtu shajara iliyogawanywa kwa vipande vifupi vya muda. Anaandika: saa tisa hadi saa kumi alasiri, nilipumzika. Ukimuuliza alikuwa na nani, utasikia mtoto alikuwa mapajani ana homa na sufuria iko jikoni. Ndiyo maana naitetea sana safu ya pili, ile ya "wakati huohuo ulikuwa unafanya nini?" Wanaosimamia fedha za utafiti hupenda kuifuta kwa sababu inarefusha dodoso. Ukiifuta, malezi mengi yanapotea.

Umeuliza pia kama nataka mama alipwe mshahara kwa kumnyonyesha mwanawe. Sitaki hivyo. Nataka fedha za vituo vya kulelea watoto na mabomba ya maji zihesabiwe kuwa uwekezaji kama zilivyo za barabara, kwa sababu nazo zinamfungulia mtu muda wa kuzalisha.

Bajeti unayoiandaa ikifika kwenye kifungu cha vituo hivyo, na mtu akapendekeza kipunguzwe, muulize watoto hao watakuwa na nani saa nne asubuhi, na huyo mtu ataacha kufanya nini. Nitumie jedwali la kifungu hicho ukipata nafasi, nilipitie kabla hujaliwasilisha.

Mama yako