Kujihami, kuwahi, kuzuia: tofauti yake nini?

Swali: Redioni nasikia "shambulio la kujihami". Gazetini naona "shambulio la kuzuia". Halafu "kuzuia" hiyohiyo wanaitumia kwa mabomu ya nyuklia yaliyokaa ghalani tu. Je, ni kitu kimoja?

Jibu: Ni vitatu, na hilo la kwanza ndilo linalonikera. Kujihami ni kujikinga. Mtangazaji akisema nchi fulani "imefanya shambulio la kujihami", ameshakata kesi kabla hatujaisikia. Aseme basi kwamba inadai kujihami.

Kwa kupiga kabla hujapigwa, tunalo kuwahi. Huwezi kumwahi mtu ambaye hajanyanyua mkono. Israeli ilipovipiga viwanja vya ndege vya Misri, Juni 5, 1967, Misri ilikuwa imeshajaza majeshi Sinai na kuufunga Mlango-Bahari wa Tiran kwa meli za Israeli. Kama kweli ingeshambulia, hadi leo watu wanabishana, lakini ubishi wenyewe ni wa kuwahi. Juni 7, 1981 ni habari nyingine. Israeli ililipua kinu cha nyuklia cha Osirak, karibu na Baghdad, kikiwa hakijaanza hata kufanya kazi. Pale hapakuwa na mkono ulionyanyuliwa, ila hofu ya miaka ijayo. Hilo ndilo shambulio la kuzuia, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani kwa kauli moja. Wanaolitetea husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, ila ufa wa methali uko kwenye ukuta wako mwenyewe!

Mabomu ya ghalani nayo huzuia, lakini kwa kutishia. Mimi huandika "kuzuia kwa vitisho", au kwa kifupi kutishana, maana bila hiyo -ana ya kutendeana mambo hayaendi. Marekani na Urusi ya Kisovieti zilitishana kwa zaidi ya miaka 40. Tangu nyambizi zenye makombora ya nyuklia zianze kujificha baharini mwaka 1960, kumwahi mwenzako hakukuwa na faida tena: ungepiga, na bado ungepigwa. Uchungu wa kimaadili uko hapa: tishio la mzaha halimtishi mtu, kwa hiyo unayetaka asiuawe yeyote lazima uwe tayari kweli kuua mamilioni.

Ukiniuliza neno la kuogopwa kuliko yote, ni kuwahiana. Kila mmoja akihofu kuwahiwa, wote hukimbilia kitufe. Oktoba 1962, washauri kadhaa wa Rais Kennedy wa Marekani walitaka makombora ya nyuklia ya Kisovieti yaliyokuwa Kuba yapigwe kwa ndege mara moja. Yeye akakizingira kisiwa kwa manowari, Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, akapata siku za kufikiri.