Acha kukariri hayo majibu, mkuu

Mkuu, umeuliza ukitaka kujifunza kuandika programu uanze na lugha ya Python au JavaScript, usome saa ngapi kwa siku, na kama ni kweli ukikariri majibu 50 ya mafumbo ya programu utakuwa umeiva. Nilipofika hapo kwenye kukariri roho imeniuma. Acha. Leo hii hii.

Mimi nimekariri miezi minne. Mwalimu mmoja wa video za kulipia alituaminisha kwamba hata waliobobea wanakariri tu, ukishajaza kichwa uelewa unakuja wenyewe. Hauji! Nikikumbuka nachemka mpaka leo, maana alikuwa anafundisha watu wanaoanza, wasio na namna ya kujua kwamba wanapotoshwa.

Siku ya usaili nikaambiwa niandike utafutaji wa kukata nusu kwa nusu: orodha imeshapangwa, unatazama katikati, unatupa nusu isiyohusika. Kwenye namba 1,000 hauzidi kutazama mara 10. Nilikuwa naujua kama jina langu. Nikaandika, nikabonyeza, programu ikaganda. Dakika 20 nzima nabadilisha alama kwa kubahatisha, wasaili wananitazama. Kazi ikaenda.

Kosa nililiona usiku, kwa kalamu, nilipochora jedwali la kila hatua. Chukua orodha yenye 3 na 8, tafuta 8. Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo mwanzo ni 0, mwisho ni 1, na kati ni 0 + 1 gawa kwa 2, yaani nusu, inashushwa kuwa 0. Nafasi ya 0 ina 3, ni ndogo, basi sogeza mwanzo. Mimi niliandika mwanzo = kati. Yaani 0 tena! Mstari wa pili wa jedwali ukafanana na wa kwanza, wa tatu vilevile, na ingeendelea hivyo hadi kiama. Ilitakiwa kati + 1. Miezi minne ya kukariri, na hiyo + 1 sikuwahi kujiuliza inafanya nini pale.

Kwa hiyo chora jedwali, kila kigeu (jina linalobeba thamani, kama mwanzo au kati) na safu yake, tembeza programu kwa mkono mstari kwa mstari kabla hujagusa kompyuta. Anza na algoriti ya Euclid, yaani hatua zake za kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, za tangu karibu mwaka 300 KK: gawa 48 kwa 18, baki 12, 18 kwa 12, baki 6, 12 kwa 6, baki 0. Kigawo kikubwa cha shirika ni 6, na umeshaona kitanzi (hatua zinazojirudia) kinavyojua pa kusimama: baki ikiwa 0.

Halafu Mnara wa Hanoi, fumbo la Édouard Lucas la 1883: hamisha visahani kutoka kijiti kimoja hadi kingine kati ya vijiti vitatu, kimoja kimoja, kikubwa kisikae juu ya kidogo. Visahani 3 ni hatua 7. Kwa 4, usitafute jibu popote. Jiulize kile kikubwa kitatokaje chini. Vitatu vya juu viondoke kwanza (7), kikubwa kisogee (1), vitatu virudi juu yake (7): 15. Ukishaigusa kwa vidole vyako, programu inayojiita yenyewe haikutishi tena.

Lugha chukua Python, yatosha. Sasa orodha ni 3, 5, 8, 8, 8: tafuta 8 ya kwanza kwa kukata nusu. Leta jedwali lako hapa, tutalipitia wote mstari kwa mstari.