Umepata daraja la tatu: uingie kundi gani kwanza?

Mkuu, umeuliza hivi: umemaliza daraja la tatu la Frimasoni kwenye loji (tawi la Frimasoni) huko Marekani, na ndani ya mwezi mmoja umeletewa fomu tatu za makundi ya pembeni ya Frimasoni, ya Scottish Rite, ya York Rite na ya Shrine. Mkeo naye ameambiwa aingie Eastern Star, kundi jingine la pembeni. Uanze na ipi?

Kwanza uelewe kwamba hakuna cheo kinachokizidi cha daraja la tatu. Namba zinapotosha watu. Mwenye daraja la 32 la Scottish Rite akiingia lojini kwako ni sawa na wewe, na anayeendesha kikao ni mkuu wa loji, hata kama hajawahi kuingia kundi lolote la pembeni. Makundi haya yanaongeza mafunzo, urafiki au kazi za hisani, hayaongezi mamlaka.

Pili, yote yananing'inia kwenye loji yako. Ukisimamishwa lojini kwa kutolipa ada, uanachama wa makundi mengine nao unaanguka, hata kama huko umelipa mpaka mwakani. Kosa hili ni la kawaida mno: mtu anaingia makundi manne kwa miezi sita, anashindwa kulipa, na anaanza kuiruka ada ya loji kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Anakata mzizi huku anamwagilia majani.

Tukija kwenye York Rite, piga hesabu mapema. Jina ni moja lakini ndani mna vyombo vitatu, kila kimoja na katibu wake na ada yake. Chapter ina daraja nne: Mark Master, Past Master, Most Excellent Master na Royal Arch. Council ina Royal Master na Select Master, na mara nyingi Super Excellent Master. Commandery ndiyo ya Knights Templar. Ukijumlisha na loji, unalipa ada nne kwa mwaka, na Commandery ina sare na upanga, gharama ambayo wengi wanaigundua wakiwa tayari wameshaingia. Commandery pia inadai imani ya Kikristo. Chapter na Council hazidai dini maalumu, kwa hiyo Mwislamu au Mhindu anaishia Council bila kupungukiwa kitu.

Kwa maoni yangu Royal Arch, yaani Chapter, ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa inaendeleza moja kwa moja kisa ulichoachiwa njiani kwenye daraja la tatu.

Scottish Rite inaanzia daraja la 4 mpaka la 32. Marekani ina mamlaka mbili: ya kusini, iliyoanzishwa Charleston mwaka 1801 na yenye makao Washington, na ya kaskazini, yenye makao Lexington, Massachusetts. Daraja zinaonyeshwa kama mchezo wa jukwaani, na wanaojiunga huketi kutazama, kundi zima kwa pamoja, kwa siku moja au mbili. Hapo ndipo penye tatizo: kusini daraja za lazima ni 4, 14, 18, 30 na 32, nyingine unaweza kupewa kwa maelezo tu, hivyo mtu anatoka Jumapili ana namba 32 na hajui alichokiona. Dawa yake ni kurudi kutazama tena mwaka unaofuata. Ile 33, ambayo ni daraja la heshima, haiombwi, unapewa. Ukionekana unaitafuta, unajiharibia.

Shrine ni ya furaha na hisani: gwaride, karamu, na hospitali za watoto ambazo ya kwanza ilifunguliwa Shreveport mwaka 1922. Zamani ilibidi upitie kwanza York Rite au Scottish Rite. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2000, sasa daraja la tatu linatosha. Watu wa pwani mkiona tarabushi na majina ya Kiarabu msidhani ni chama cha Kiislamu. Ni mapambo ya New York ya karne ya 19.

Eastern Star inapokea wanawake wenye undugu na Frimasoni, na wanaume wa daraja la tatu. Mkeo anastahili kupitia kwako, ila fomu ni yake na uamuzi ni wake. Watoto wana yao: DeMolay kwa wavulana kuanzia miaka 12, Rainbow na Job's Daughters kwa wasichana.

Hukusema loji yako ni ya Prince Hall, yaani Frimasoni iliyoanzishwa na Wamarekani Weusi, au ya upande mwingine. Hili ni la muhimu kwa sisi Waafrika huko, kwani Prince Hall wana Shrine yao, Eastern Star yao na Scottish Rite yao. Loji Kuu (vyombo vinavyosimamia loji za jimbo au nchi) nyingi za pande hizi mbili zinatambuana, lakini kutambuana hakukupi uanachama wa vyombo vya upande wa pili.

Ukirudi Nairobi au Dar, kanuni zinabadilika. Loji nyingi huko zinafuata Uingereza. Loji Kuu ya Uingereza kwa muda mrefu haijawaruhusu wanachama wake kuingia Eastern Star. Royal Arch kwao unaomba baada ya wiki nne za daraja la tatu, na Mark, yaani daraja la Mark Master, ina Loji Kuu yake tangu 1856. Kwa hiyo mtu wa Royal Arch ya Kiingereza asiye na Mark anaweza kuzuiwa mlangoni kwenye Chapter ya Scotland au ya Marekani, kwa kuwa huko Mark ni sharti. Scottish Rite nako wanaiita Rose Croix, na inataka Mkristo.

Na wale wa mabango ya nguzoni, "jiunge upate utajiri, tuma pesa ya fomu kwa namba hii", hawana loji wala kundi la pembeni. Maombi halali yanapita kwa mwanachama unayemjua na katibu.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, muulize katibu wako kama Loji Kuu ya jimbo lako inadai uthibitishe kwanza kuyajua kwa moyo mafunzo ya daraja la tatu. Kisha andika jina na namba ya loji, tarehe kamili ya daraja la tatu, uweke na nakala ya kadi ya ada ya mwaka huu. Fomu nyingi zinarudishwa kwa tarehe isiyolingana na daftari la katibu.