Jibu: Mkono unauma nikichapa, ninunue kibodi ipi?

Salaam mkuu, pole sana. Umesema kifundo cha mkono kinauma upande wa kidole cha mwisho ukichapa kutwa nzima, na hujui kama ununue kibodi iliyogawanyika.

Kabla ya kutoa hela, igeuze uliyo nayo. Ile miguu midogo ya nyuma imesimama? Ilaze. Ikisimama, kiganja kinapinda kwenda juu, na hapo ndipo nilipoumia miezi mingi bila kujua. Kisha itazame mikono yako unapochapa. Kama viganja vinapinda kwenda nje, iliyogawanyika katikati itakufaa, maana inaacha kiganja kinyooke na kigasha. Microsoft walitoa ya namna hiyo tangu 1994, si kitu cha kuogopa.

Mimi kilichonisaidia zaidi ni kibodi isiyo na sehemu ya namba pale kulia. Mausi ilisogea karibu, bega likapumzika! Kama unafanya uhasibu, tafuta yenye kipande cha namba kinachojitegemea.

Zile za vipande viwili kabisa sijazitumia. Ila vidole vikianza kufa ganzi usiku, muone daktari kwanza, kibodi baadaye.