Nilichomoa antena, radi ikapitia waya mwingine

Jioni ile nilifanya kile tunachokifanya wengi wetu wa redio za ridhaa, yaani tunaowasiliana hewani kwa kujifurahisha tu, mawingu yakianza kujikusanya. Nilifungua kebo ya antena nyuma ya redio, nikazima kila kitu, nikaenda kulala na moyo umetulia. Usiku radi ikapiga. Haikupiga mlingoti wangu, ilipiga mti ulio kama hatua sitini kutoka nyumbani. Asubuhi redio iliwaka vizuri, lakini kompyuta haikuwaka tena. Nilipofungua kisanduku cha kuendeshea mota ya kuzungusha antena, nilikuta njia mbili za shaba zimetoweka kwenye bodi. Pale zilipokuwa palibaki mistari ya masizi, na ile harufu ya plastiki iliyoungua.

Waya wa mota sikuwa nimeuchomoa. Wala sikuwa nimewahi kuufikiria.

Mlingoti wangu ulikuwa na fimbo yake ya ethi (chuma kilichozamishwa ardhini ili umeme uishie humo), nyumba nayo ina yake, na hizo mbili hazikuwa zimeunganishwa. Radi ikiingia ardhini, volti hazilingani kila mahali: hupanda sana pale ilipopiga na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Fimbo ya mlingoti, iliyo karibu na mti, ikapanda kuliko ya nyumba. Mkondo ukatafuta njia kati yake, ukaipata: waya wa mota, kisanduku, kebo ya USB, kompyuta, hadi ethi ya soketi ukutani. Vyombo vyangu ndivyo vilivyokuwa daraja.

Kwa hiyo, kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, unganisha ethi zako zote ziwe kitu kimoja, ikiwamo ile ya umeme wa nyumba (kwa hiyo mwite fundi umeme mwenye leseni). Kisha pitisha kebo zote zinazotoka nje mahali pamoja, kwenye bamba la chuma lililofungwa ukutani na kuunganishwa na ethi hiyo. Ndege hutua kwenye waya wa umeme asidhurike kwa sababu miguu yake yote iko kwenye volti zilezile. Vyombo vyako navyo vikipanda pamoja na kushuka pamoja, mkondo hauna sababu ya kupita ndani yake.

Waya wa ethi uwe mfupi, ulionyooka, na ikiwezekana uwe utepe mpana wa shaba. Watu wengi hutazama unene tu wa waya, lakini kwa radi urefu ndio unaoumiza zaidi. Mkondo wake unaweza kupanda kwa ampea 10,000 ndani ya maikrosekunde moja, na kwa kasi hiyo kila mita ya waya hubeba takriban volti 10,000 kati ya ncha zake. Mita tano kutoka ghorofani ni volti 50,000. Ukiuzungusha kama koili au kuupinda kona kali, unaongeza tatizo. Viungo usivitie risasi ya kuchomelea, maana huyeyuka. Tumia vibano imara.

Vizuia radi vyenye kichupa cha gesi ndani vinafaa, mimi ninavyo kwenye kila kebo ya antena. Ila vifungwe kwenye lile bamba. Kikining'inia nyuma ya redio bila ethi ya maana, hakina pa kuutupa mkondo.

Kuchomoa bado ni kinga bora kuliko zote, mradi uchomoe kila kitu na usiiache ncha ya kebo mezani. Mwaka 1753, mwanafizika Georg Wilhelm Richmann aliuawa na radi nyumbani kwake St Petersburg, Urusi. Chuma alichokileta ndani kutoka paani ili kupima umeme wa mawingu hakikuwa kimeunganishwa na ardhi. Kebo ya antena iliyolala karibu na kiti chako iko katika hali ileile. Na wale wanaoitumbukiza ncha kwenye chupa ya glasi, nawasihi waache. Radi imeruka kilomita kadhaa za hewa, glasi haitaizuia. Kebo itoe nje, au ifunge kwenye bamba.

Usifanye kazi hii wakati ngurumo inasikika. Ukiisikia tu, tayari radi inaweza kukufikia ulipo. Kaa mbali na nyaya zote, usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ndiyo maana siku hizi sisubiri mawingu. Nikimaliza kuongea hewani nachomoa, hata kama mbingu ni nyeupe: kebo mbili za antena, waya wa mota, umeme wa ukutani, waya wa intaneti. Ni tano, na huzihesabu kwa kuzigusa moja moja kabla ya kuzima taa.