Vidonge viwili kwa mara moja vinapotea bure

Dada, umesema mama ana miaka 62, anameza vidonge viwili vya kalsiamu pamoja asubuhi kabla ya kula. Avitenganishe, tafadhali. Mwili unafyonza vizuri miligramu 500 hivi kwa mara moja, zaidi ya hapo nyingi inapita tu. Kama boksi linasema kabonati, aina moja ya kalsiamu, ale kwanza, maana inahitaji asidi ya tumbo. Sitrati, aina nyingine, inamezwa wakati wowote.

Lengalenga zina kalsiamu, ila oksalati, kitu kilicho ndani ya mboga hiyo, inaishika isifyonzwe. Azile kwa faida nyingine. Kwa mifupa mpikie sambaza, wale samaki wadogo! Sisi wa Bukavu tuna ziwa mlangoni: samaki mzima, pamoja na mifupa, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Usimkatie vichwa. Kalsiamu ya shu (kabichi) nayo inafyonzwa vizuri, na kipande cha fromaji ya Masisi kikipatikana, mpe.

Kwa umri wake anahitaji kalsiamu miligramu 1,200 kwa siku, chakula na vidonge pamoja, kwa hiyo huenda kimoja kinatosha. Aote jua kidogo, kwa vitamini D. Na kama aliwahi kupata mawe ya figo, muulize munganga kabla ya kuendelea.