Kubebana kazini: msaada uishie wapi?

SWALI: Mimi ni mhasibu katika kampuni ya vifaa vya ujenzi. Mwenzangu tuko naye cheo kimoja, na usuluhisho wa akaunti za benki, yaani kulinganisha daftari letu la fedha na taarifa ya benki, ni kazi yake. Kila mwezi ikifika tarehe 17 au 18 ananiletea faili lenye tofauti asiyojua imetoka wapi. Namalizia mimi, wakati mwingine mpaka saa 3 usiku. Bosi anaamini kijana yuko vizuri. Nikimwachia, ritani ya VAT (taarifa ya kila mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani) itachelewa na tutaumia wote. Nikisema, nitaonekana mnoko. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Endelea kumsaidia, lakini acha kumalizia. Kuanzia mwezi huu usiingize wala kubadilisha tarakimu yoyote kwenye faili lake.

Makosa ya mwenzako hayajapungua, yamehamia mezani kwako tu. Mwenye uwezo wa kumpeleka mafunzo, kumpunguzia mzigo au kumbadilishia majukumu ni bosi, na bosi ndiye asiyejua kitu. Kuna na hatari ya kihasibu: anayeandaa usuluhisho na anayeupitia wanatakiwa kuwa watu wawili. Ukiandaa wewe akasaini yeye, jina lililo kwenye karatasi ni la mtu asiyeweza kuieleza mbele ya mkaguzi. Na kama umekuwa ukiingia kwenye mfumo kwa nywila yake, koma leo. Fedha zikipotea, kumbukumbu za mfumo zitamtaja yeye kwa kazi uliyoifanya wewe, na nyote wawili mtakosa cha kujitetea.

Kabla ya kumfundisha, jua anakwama wapi. Akae yeye kwenye kompyuta, akuoneshe anavyofanya. Asiyejua utamwona akibadilisha tarakimu mpaka zikubaliane, au akiweka mstari wa "nyinginezo" kuziba pengo. Aliyezidiwa na kazi hatua anazijua. Huyo muulize taarifa ya benki inamfikia tarehe ngapi, maana huenda inakaa kwa mtu mwingine wiki nzima.

Kama hajui, mpe njia ya kutafuta, usimpe jibu. Aanze na salio la mwanzo: lazima lifanane na salio la mwisho la mwezi uliopita. Wengi hupoteza siku wakisaka ndani ya mwezi huu kosa la mwezi uliopita. Kisha aitazame tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa 9, ashuku tarakimu zilizopinduliwa: 63,000 ikiandikwa 36,000 inaacha pengo la 27,000. Isipogawanyika, achukue nusu yake: pengo la 410,000 huenda ni malipo ya 205,000 yaliyoingizwa upande wa mapokezi. Hundi ambazo hazijawasilishwa benki hupunguzwa kwenye salio la benki, si la daftari. Ukizipunguza kwenye daftari unakuwa umezitoa mara mbili. Mauzo ya kadi nayo yanasumbua, kwa kuwa benki mara nyingi huingiza fedha zikiwa zimeshakatwa ada, huku daftari likiwa na kiasi kizima. Pengo lake ni dogo ila linajirudia karibu kila siku, na hapo ndipo mtu asiye mzoefu hukata tamaa.

Tarehe 18 ndiyo inayokunasa. Ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo ukiletewa faili siku mbili kabla huna nafasi ya kufundisha, unamalizia tu. Kubalianeni rasimu ya kwanza iwe tarehe 10, baada ya purukushani ya PAYE, kodi ya mishahara, ya tarehe 7. Ukiipokea, weka alama kwenye mistari yenye shaka, andika swali pembeni, mrudishie. Mwezi wa kwanza mkae pamoja nusu saa. Wa pili uweke alama tu. Wa tatu apeleke moja kwa moja kwa anayepitia. Kosa la aina ileile likirudi mwezi wa pili, bosi ajue.

Mwambie mwenzako kwanza, halafu bosi, mwenzako akiwepo ikiwezekana: "Usuluhisho wa miezi miwili iliyopita niliumalizia mimi. Kuanzia sasa ataumaliza mwenyewe, nitamwelekeza kati ya tarehe 10 na 12. Naomba upange nani ataupitia." Huo si unoko, kwa sababu hujamhukumu mtu, umeeleza kazi ilivyofanyika. Unamlinda pia. Kanuni za utendaji bora katika ajira za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri atafute chanzo cha utendaji duni, atoe mwongozo na muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kufikiria kuachisha kazi. Mwenzako hawezi kupewa muda huo kwa tatizo ambalo unalificha.

Akifiwa au akiugua ni jambo jingine kabisa. Beba kazi yote, bosi akijua, na tarehe ya kuirudisha ikijulikana.

SWALI: Nasimamia watu sita. Nitajuaje nani anabebwa?
Msimamizi, Morogoro

JIBU: Tazama kazi ya nani huharibika mtu fulani akiwa likizo. Fungua maelezo ya faili la Excel uone nani alihifadhi mara ya mwisho. Kisha chagua mstari mmoja na umuulize aliyesaini: "Hii 205,000 ni ya nini?" Aliyeiandaa atajibu au atakuletea vocha ya malipo baada ya dakika chache, anayebebwa atakwenda kwanza meza ya jirani.

Ukimgundua anayebeba, usimwongezee kazi kwa sababu ndiye anayeweza. Mpangie muda wa kuelekeza wenzake, tuseme saa mbili kwa mwezi, na uuandike kwenye majukumu yake. Usipoandikwa, ataendelea kuutoa kwenye usiku wake.